Gari la Prefe Lililovuka Kasindi Vipande Vipande

Hakuna aliyemwita kwa jina. Mkewe alimwita Prefe, wakwe zake walimwita Prefe, na hata siku ya jubilei ya ndoa yao padri aliuliza mbele ya kanisa zima, "Prefe, unakubali tena kuishi na huyu mama?" Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari pale Butembo. Alipostaafu tulidhani cheo kitabaki shuleni pamoja na kengele na bendera. Aliondoka nacho. Ukimwita "Papa" njiani, kama tunavyomwita kila mwanamume wa umri wake, alikupita kama hakusikia. Ukimwita "Prefe" alisimama, akakohoa, akakupa vidole vitatu vya kusalimia.

Mimi nilifundisha historia chini yake kabla sijaacha chaki nikaanza kuuza vitenge sokoni. Nyumba ya mama yangu, ninamokaa, inatazamana na yake. Kwa hiyo nilimjua akiwa mkubwa wangu wa kazi, na nikamjua akiwa jirani, na sikupata kumpenda katika hali yoyote kati ya hizo mbili.

Alikuwa mrefu, mkavu, na suti moja ya kijivu ambayo mkewe aliipiga pasi mpaka ikang'aa magotini. Kila asubuhi alitoka na viatu vyeusi vinavyometa, akashika katikati ya barabara, wakati Butembo nzima ina vumbi jekundu na pikipiki zinapita kama nyuki. Vijana wa pikipiki walimtukana kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Hakugeuka. Alisema, akiangalia mbele, "Nchi hii iliisha zamani." Hilo alilisema juu ya kila kitu: mkate uliopungua uzito, misa iliyochelewa, umeme uliokatika, mwanafunzi aliyekosea tahajia. Nchi iliisha zamani, na yeye peke yake alikuwa amebaki.

Kiswahili alikidharau. Alisema ni lugha ya kubishana bei ya maharagwe. Hata nasi aliongea Kifaransa, na maneno yake mengi humu nimeyageuza mimi. Sokoni pia alizungumza Kifaransa, tena kile cha vitabuni, na muuza nyanya alinigeukia mimi.

"Madame, Prefe iko anasema nini?"

"Anasema nyanya yako imeoza."

"Si aseme basi!"

Mkewe, Mama Katungu, alisimama kando na kikapu chake na kungoja tumalize. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana ya mtu anayelima, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Prefe akimaliza kuongea, yeye aliinama, akachagua nyanya, akalipa.

Kama mkuu wa shule alikuwa na miungu wawili: mkaguzi anayetoka Goma, na yeye mwenyewe. Mkaguzi akija, Prefe alitembea nusu hatua nyuma yake, mgongo umepinda, akicheka kabla utani haujaisha. Mkaguzi akiondoka, mgongo ulinyooka na mfagiaji wa darasa akapigiwa kelele juu ya kipande cha karatasi. Mishahara ilipokawia mwezi juu ya mwezi, tulimfuata ofisini tukamweleza kwamba nyumbani watoto wanakula mara moja. Alikunja leso yake nyeupe akatuambia kwamba ualimu ni upadri. Mwalimu wa kemia alimjibu, "Lakini Prefe, padri hana batoto." Alifukuzwa ofisini.

Lakini kisa ambacho sisi walimu hatukukisahau ni cha Muhindo, mwalimu wa hesabu. Asubuhi moja bendera ilikuwa inapandishwa, wakati ambao kila mtu hutakiwa kusimama wima, na Muhindo, aliyechelewa, alikuwa bado anatembea karibu na lango. Askari mmoja aliyekuja kikazi kutoka magharibi alimwita, akamzaba kofi mbele ya wanafunzi, kisha kofi jingine. Dirisha la ofisi ya Prefe, lenye pazia zito, linatazama lango lile. Muhindo aliinua macho kutafuta msaada.

"Alifunga rido, Madame," aliniambia baadaye, shavu limevimba. "Sikuona uso. Niliona mukono yake tu, inavuta rido pole pole."

Jumatatu iliyofuata Prefe alitusimamisha uwanjani akahutubia juu ya ushujaa wa watu wa kale. Alisema vizuri sana. Wanafunzi walipiga makofi. Muhindo alikuwa anatazama viatu vyake.

Kuna jambo moja sina budi kulisema kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa linanipendeza. Hakuuza pointi za mtihani. Katika miaka yote ile, wakati kwingine wasichana walilipa mtihani kwa njia tunazozijua na matajiri walilipa kwa mbuzi, yeye hakupokea hata kuku. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alishuka kutoka Manguredjipa na kumwomba ampitishe kijana wake. Prefe alimrudisha hadi langoni na mtungi wake wa asali. Wengine husema huo ni uadilifu. Mimi niliona ni majivuno: hakuona katika Butembo nzima mtu anayestahili kumnunua. Lakini wasichana walisoma salama chini yake, na wengine wao leo ni wauguzi. Hilo libaki pale lilipo.

Sasa nitaje gari.

Macho yake yalianza kufunga ukungu, na Mama Katungu akaniomba, kwa kuwa mimi huenda Kampala kuchukua vitenge, nimpeleke kwa daktari wa macho. Tulienda. Kwa daktari alishindwa kusoma hata herufi kubwa za juu ukutani, akasema ukuta ni mchafu. Tukatoka. Tulikuwa tunatafuta teksi, nami nimeshika mfuko wa dawa zake, nikasikia amesimama. Yeye aliyeshindwa kuona herufi alikuwa ameona kitu ng'ambo ya barabara, ndani ya ua wa Mhindi mmoja mzee: gari la Kifaransa la wakati wa wakoloni, rangi ya maziwa, pua ndefu, mkia umechongoka, usukani upande wa kushoto kama magari ya kwetu.

Alivuka bila kutazama. Basi dogo lilipiga breki karibu limkanyage. Aliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto, na alipogeuka nikaona analia. Mimi nilikuwa naye kwenye mazishi ya walimu, ya wanafunzi, ya mdogo wake mwenyewe. Sikuwa nimeona chozi.

"Hili ni letu, Madame," alisema. "Lilitoroshwa. Usukani ni wa kwetu. Lazima lirudi nyumbani."

Yule Mhindi alisema halijatembea muda mrefu lakini linawaka. Aliliwasha. Moshi ulitoka mweusi, kisha kijivu, kisha likatulia likaanza kunguruma taratibu. Prefe alisimama pale, mkono kifuani, kama anasikia wimbo wa taifa.

Nilidhani yataishia hapo. Pensheni yake haikutosha kununua hata matairi yake. Sikufikiria miti.

Mama Katungu alikuwa na shamba la mikaratusi kwenye mteremko nyuma ya parokia. Aliipanda kwa mkono wake, akipanda mche mmoja mmoja kati ya mavuno, miaka ile watoto wangali wadogo. Kwetu mtu wa kawaida hana benki, ana mikaratusi. Miti ile ingekuwa nyumba ya binti yake wa mwisho, yule aliyeolewa Beni akabaki mjane na bado anapanga. Kila mtu mtaani alijua hivyo. Prefe aliwauzia wapasua mbao miti ikiwa imesimama, kwa kuwa hati ya shamba ilikuwa na jina lake yeye, mwanamume.

Siku hiyo Mama Katungu alikuwa analima viazi bondeni. Alinisimulia jioni, amekaa kwenye ngazi yangu, udongo bado miguuni.

"Nilisikia mashini inalia kule juu. Nikasema, masikini, leo kuko mwenye iko anakata miti yake. Nikalima. Nikalima tu. Kisha nikasikia inaanguka upande wa kwetu."

"Na ulimwambia nini?"

"Nani? Prefe?" Alitazama mikono yake. "Alikuwa amesha kuenda Kampala."

Nilimkuta Prefe mpakani, nikienda kuchukua vitenge. Dereva wa kukodi alikuwa amelileta gari mpaka Mpondwe, upande wa Uganda, na Prefe alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, tayari kuingia Kongo kama rais. Kwenye kizuizi cha Kasindi afisa wa forodha, mwanamume mnene kutoka Kasai, alilizunguka gari mara mbili akalipiga tairi teke dogo.

"Papa, hii gari ni ya mwaka gani?"

Prefe alijibu kwa Kifaransa kwamba si gari, ni kitu cha makumbusho.

"Makumbusho ya nini?"

"Ya historia, bwana."

"Papa, historia iko na bureau yake, iko Kinshasa. Hapa ni douane. Gari muzee hivi haipite, sheria inakataza. Urudishe."

Afisa hakuwa na ubaya. Alimweleza mara ya pili, polepole, kwa Kifaransa, sheria ya umri wa magari yanayoingia nchini. Prefe alimjibu kwa hotuba. Nyuma yetu foleni ya malori ya saruji ilipiga honi. Mwishowe askari alilisukuma gari kinyumenyume hadi upande wa pili, na Prefe akiwa ndani, ameshika usukani, bado anahutubia kioo.

Hakulirudisha. Alikaa Mpondwe, kwenye uwanja wa vumbi wa kuegesha malori, akilala kwenye kiti cha nyuma. Alinawa kwa maji ya chupa. Alifua soksi akazianika kwenye usukani. Mimi nilivuka kila nilipokwenda kuchukua mzigo, na kila mara Mama Katungu alinipa kifurushi: foufou, ule ugali wetu wa muhogo, kwenye majani, sombe ya majani ya muhogo, pengine samaki wa ziwani Vitshumbi.

"Bado unamupikia?" nilimuuliza.

"Nifanye namna gani? Anakula nini kule?"

Nilimpelekea. Hakuuliza hali ya mkewe. Aliuliza kama Butembo wanajua kwamba gari limefika mpakani. Niliposema wanajua, alitabasamu na kuanza kula.

Aliyemtoa pale alikuwa wakala wa forodha, kijana wa Kinande mwenye kofia ya mpira aitwaye Kasereka, ambaye mimi hupitisha vitenge vyangu kwake. Alikuja akachungulia chini ya gari, akanyanyuka akipangusa magoti.

"Prefe, tuifungue. Milango mbali, moteur mbali, kapo hii ya mbele mbali. Inapita sawa vyuma chakavu. Kule Butembo fundi anaikusanya."

Prefe alimwambia atoke mbele yake. Alisema katika maisha yake hajadanganya na hataanza kwa ajili ya karani. Kasereka aliinua mabega akaenda zake. Kisha mvua ya Septemba ikaanza, na paa lilikuwa na tundu sehemu asiyoiona. Alilowa. Alikohoa. Nilipofika safari iliyofuata nilimkuta amekaa juu ya ndoo chini ya turubai la muuza chai, na mafundi wa Bwera wanafungua milango.

Vipande vilipakiwa kwenye lori lile lile lililobeba marobota yangu. Kodi ya vyuma ililipwa. Tulipofika kwenye kizuizi, afisa wa Kasai alikuwa pale, na alijua kila kitu, maana macho yalikuwa yanacheka.

"Papa, ni nini munapitisha leo?"

Prefe alikaza fundo la tai yake.

"Papa, nauliza. Ni nini?"

"Vyuma," alisema Prefe.

"Vyuma ya namna gani?"

Alitazama huku na huku. Wote walikuwa wanatazama: wasukuma baiskeli, akina mama wa chumvi, Kasereka na kofia yake.

"Chakavu," alisema, kwa sauti ya chini.

"Sisikie, Papa. Mapikipiki iko inapiga makelele."

"Chakavu! Ni vyuma chakavu!"

Kiswahili safi kabisa. Miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akitamka sentensi nzima ya Kiswahili hadharani, na ilipotoka ilikuwa ile. Nilifurahi. Sioni haya kusema. Nilifikiria rido la ofisi, nikafikiria mikaratusi, nikafurahi njiani mpaka tulipofika Lume.

Barabara ya Kasindi kwenda Beni tunapita kwa msafara, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma, kwa sababu ya wale wanaotoka msituni na mapanga. Hakuna anayeizungumzia sana. Unapanda, unasali rozari, unafika au hufiki. Prefe alikuwa juu ya lori pamoja nasi, amekaa kwenye boneti lake aliloliegemeza kati ya mifuko ya saruji, na milango minne imefungwa kwa kamba pembeni yake. Karibu na Halungupa tulisikia risasi upande wa mbele. Msafara ulisimama. Watu walianza kutoka mashambani mbio, wamebeba magodoro, sufuria, kuku. Kati yao wanaume wawili walikuwa wamebeba kiti, na juu ya kiti mwanamke mwenye mimba ameshika tumbo kwa mikono miwili, meno nje.

Dereva wetu, Mumbere, alishuka akawaita. Kisha akapanda kwenye kingo za lori.

"Prefe, tushushe milango na kapo. Huyu mama apate fasi ya kulala."

"Non."

"Prefe, iko karibu kuzaa."

"Hii lori nimelipia! Hapana gusa! Mutavunja!"

Hiyo ilikuwa mara ya pili kukisikia Kiswahili chake. Mumbere aliweka mkono kwenye kamba. Prefe alijitupa juu ya milango yake, akalala kifudifudi, suti na tai na vyote, mikono imepanuliwa, amekumbatia chuma. Watu wazima walimvuta miguu. Alipiga mateke. Risasi zilikuwa zinasikika bado, na sikumbuki mtu aliyeogopa risasi wakati ule. Tulikuwa tunamtazama yeye.

Sikungoja. Nilikata kamba ya robota langu kwa wembe, tukatandika vitenge vipya juu ya mifuko ya saruji, vile vya maua ya njano ambavyo nilikuwa nimeahidi kwaya ya parokia. Tulimlaza mwanamke pale, kichwa kwenye mapaja yangu. Aliitwa Kavira. Alinishika mkono akasema neno moja tu kwa muda wote ule, "Mama, mama." Msafara ulianza tena, lori likiruka mashimo, na bikizee mmoja aliyepanda nao alimzalisha huku akimtukana dereva kwa kila shimo. Mtoto alitoka kabla hatujafika Beni. Msichana. Alikaa kimya, kisha akalia, na lori zima likalia naye.

Prefe alikuwa ametupa mgongo, leso puani.

Pale hospitalini Beni, walipokuwa wanamshusha Kavira, alimwita Mumbere aangalie kama damu imegusa mlango wa kushoto.

"Prefe," nilisema, "mutoto anaishi."

"Tant mieux, Madame," alisema. Heri. Kisha akaonyesha kwa kidole. "Lakini tazama pale. Pamekwaruzika."

Fundi wa Butembo alilikusanya kwa msimu mzima wa mvua. Mtaa ulicheka, lakini lilipotoka, kweli, lilikuwa zuri. Sitadanganya. Rangi ya maziwa, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshangaa, na mngurumo ule wa taratibu uliowatoa watu ndani ya maduka. Jumapili Prefe, ambaye dawa zilikuwa zimempunguzia ukungu wa macho, alilitoa uani, akaendesha kutoka kwake hadi kanisani, mwendo ambao kuku angeweza kuumaliza bila kuchoka. Aliendesha peke yake. Mama Katungu alitembea kwa miguu kando ya barabara, kitabu cha nyimbo mkononi, na gari likampita.

"Kwa nini humupakie Mama?" Muhindo alimuuliza nje ya kanisa, kwa sauti ya kusikiwa na wengi.

"Viti bado vinapumzika," Prefe alimjibu.

Binti wa jirani alipoolewa, wazazi walikuja na bia na maneno mazuri wakaomba gari limbebe bibi harusi. Alikubali apigwe picha kando yake. Kando yake, akasisitiza, bila kuegemea. Picha hiyo ipo bado sebuleni kwao: msichana ameshika shada la maua, gari nyuma, na pembeni kipande cha mkono wa kijivu unaomzuia asisogee.

Mama Katungu aliondoka Jumapili moja baada ya misa. Hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alikuja kwangu, akaniomba kikombe cha maji, akanywa amesimama.

"Naenda Beni, kwa mutoto wangu," alisema.

"Utarudi lini?"

"Madame, mi nilipanda ile miti. Nilibeba maji kichwani, kiangazi yote. Sasa kila Jumapili inanipita, inanipulizia moshi."

Alipanda basi dogo na kifurushi kimoja. Prefe alituambia kwamba mkewe amekwenda kupumzika kwa sababu ya hali ya hewa. Tangu hapo alijipikia mwenyewe, vibaya, na harufu ya maharagwe yaliyoungua ilivuka barabara hadi kwetu. Hakuna mtu aliyempelekea sahani. Mimi pia sikumpelekea.

Ndipo zikaja habari za kusini. Kwanza walifika watu wa Alimbongo, wamelala kwenye madarasa ya shule yetu ya zamani, kisha watu wa Lubero mjini penyewe, na asubuhi moja neno likapita sokoni kwamba waasi wako karibu, na Butembo ikatoka barabarani yote kwa pamoja. Aliyekuwa na pikipiki alipakia watu wanne. Aliyekuwa na gari alipakia mtaa. Mama yangu hawezi kutembea. Miguu yake imevimba tangu siku nyingi na macho yake yanaona vivuli tu. Nilimtoa nje kwenye kiti cha plastiki nikamweka kando ya njia ya Beni, nikasimamisha kila kitu chenye magurudumu. Kila kitu kilikuwa kimejaa. Wengine hawakupunguza hata mwendo. Mama alikuwa ananiuliza, "Bado?" na mimi namjibu, "Sasa hivi."

Gari la rangi ya maziwa lilikuja polepole katikati ya umati. Nyuma hapakuwa na mtu. Nilijiambia, usiinue mkono, usimpe raha hiyo. Sikuinua. Lilisimama lenyewe. Prefe aliteremsha kioo, tai shingoni.

"Madame. Ingieni."

Nilimwinua mama. Nilipomfikisha mlangoni, Prefe alinyoosha mkono akazuia.

"Viatu," alisema.

Watu walikuwa wanatupita mbio, mwanamume mmoja amebeba cherehani kichwani, na mimi nilipiga goti kwenye udongo nikamvua mama yangu ndala zake, kisha nikavua zangu. Mama aligusa kiti kwa kiganja.

"Tumefika kwa nani," aliniuliza, "mpaka tunavua viatu?"

"Ingia tu, mama."

Prefe aliendesha, mikono miwili kwenye usukani. Watu waliinua mikono pande zote mbili na yeye alitazama mbele. Nilimwambia nafasi ipo. Alisema springi hazitastahimili. Kwenye kilima kimoja ambapo foleni ilisimama nilifungua mlango mwenyewe na kumvuta ndani katekista mmoja mzee aliyekuwa anakohoa, suruali imelowa hadi magotini. Prefe aliniangalia kwenye kioo. Sikushusha macho. Akashusha yeye.

Beni tulifika alasiri, mvua inanyesha. Aliijua njia ya kwa binti yake bila kuuliza. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya mabati, akazima, akabaki ameshika usukani.

"Madame, tangulia," alisema. "Mumuambie."

Kwa Kiswahili, bila mtu kumlazimisha.

"Nimuambie nini?"

"Kwamba niko hapa."

Mama Katungu alikuwa ameshatoka mlangoni. Alikuja kwenye mvua, akamshika mama yangu kiunoni upande mmoja nami upande wa pili, akamwuliza kama baridi imemwingia, akamwelekeza katekista kwenye benchi kavu. Gari hakulitazama. Ndani alitupa kitambaa cha kujifuta, akaendelea kusonga foufou, maana alikuwa jikoni tulipofika. Tulikula. Hakuna aliyetaja jina la aliye nje. Mvua ilipiga mabati.

Kisha alichukua sahani nyingine, akapakua, akaweka kipande cha samaki, akafikiri, akaongeza cha pili. Alinipa mimi.

"Mupelekee."

Nilitoka. Prefe aliteremsha kioo kidogo.

"Amesema nini?"

"Amesema ukule."

Alitazama sahani. Mchuzi ulikuwa mwingi, umefika ukingoni. Alitazama kiti kilicho kando yake. Kisha akafungua mlango, akashuka kwenye mvua, akaufunga taratibu nyuma yake, na kusogea mbali na gari ili mchuzi usirukie. Pale, katikati ya ua, amesimama kwenye tope na viatu vyake vyeusi, maji yanamtiririka usoni na kuingia ndani ya sahani, Prefe alianza kula kwa haraka kama mtoto, mgongo umeinama juu ya chakula chake. Ndani ya gari mlikuwa mkavu kabisa.

Nilirudi mlangoni. Mama Katungu alikuwa amesimama pale anamtazama, mwiko wa kupakulia bado mkononi. Alimtazama mpaka sahani ilipokwisha. Kisha akafunga mlango. Komeo hakulitia.

Mimi ningelitia.